Kanisa Kuu la Mkunazini: anzia chini

Wageni wengi wa Mji Mkongwe hukimbilia altare, wakapiga picha na kuondoka. Anza na vyumba vya chini, ambamo inasemekana watumwa walifungiwa. Dari ni ya chini mno, kwa hiyo inama, na mwenye pumu asikae humo muda mrefu kwa sababu hewa ni nzito. Kisha pita kwenye sanamu za watumwa shimoni, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998. Minyororo ile ni ya kweli. Hapo simama kimya.

Ndipo uingie kanisani. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na Askofu Edward Steere akajenga papo hapo. Duara la marumaru mbele ya altare linaonyesha palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Tafuta pia msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mvumbuzi David Livingstone. Karibu na mlango kuna nguzo zilizosimikwa kichwa chini. Inasemekana mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini.

Funika mabega na magoti. Jumapili asubuhi ni ibada, kwa hiyo usiende kutalii. Kumlipa mwongozaji wa pale pale kuna faida kabisa, maana vibao peke yake havitoshi.