Siku moja maishani mwangu: kona ya sensa ya silikoni

Saa 1:30 asubuhi. Nasanifu sensa za silikoni, yaani vipande vinavyonasa eksirei na kuzigeuza kuwa ishara za umeme. Kabla sijavua koti nafungua kompyuta. Uigaji wa sensa niliouacha ukikokotoa usiku kucha umekwama kwenye volti 640, kwenye kona ileile ya sensa kama jana.

Saa 3. Kikao na mwenzangu anayesanifu chipu ya kusoma ishara. Yeye anataka silikoni nyembamba ili chaji ifike haraka. Mimi nataka nene: kwenye mikromita 300, takriban robo ya eksirei zenye nishati ya elektronivolti 12,000 hupita bila kuacha alama. Tunaafikiana 500, ila volti zipande. Fotoni (chembe ya mwanga) moja ya namna hiyo huzaa elektroni kama 3,300 tu, hiyo haisumbui. Balaa ni maelfu yakitua pamoja kwenye pikseli moja (kijisehemu kimoja cha picha), kama kule European XFEL, leza kubwa ya eksirei huko Ujerumani, ambako mipigo ya eksirei huweza kufuatana kila nanosekunde 220. Chaji inakuwa wingu zito, uga wa umeme unashindwa kuingia ndani yake, na wingu linajivuta polepole huku likimwagikia pikseli jirani. Dawa ni volti nyingi. Na volti nyingi ndizo zinazonirudisha kwenye kona yangu.

Saa 5. Watu hudhani kazi yangu ni pikseli. Pikseli unachora moja, unainakili, basi! Kinachokula wiki ni ukingo, zile pete za kinga zinazozunguka pikseli zote na kushusha volti hatua kwa hatua. Tena eksirei zenyewe hupandikiza chaji chanya kwenye oksidi, lile tabaka jembamba la juu ya silikoni, kwa hiyo kona iliyotulia ikiwa mpya yaweza kushindwa kuhimili volti baadaye. Kila mchoro naujaribu mara mbili: mpya, na ulioshapigwa eksirei sana.

Saa 8 mchana, maabara. Nashusha sindano za kupimia umeme kwenye sensa ya toleo lililopita. Volti 10 tu, mkondo umepaa! Dakika arobaini nawalaumu waliotengeneza, kumbe taa ya darubini inawaka, na silikoni huona mwanga huo vizuri sana. Nazima. Mkondo unatulia hadi volti 580, kisha unapaa kweli.

Saa 11 jioni. Naiviringisha kona zaidi, naubana wavu wa mahesabu (vituo ambavyo kompyuta hukokotolea) pale tu, naanzisha uigaji upya.

Kabla ya kutoka nabandika karatasi kwenye swichi ya darubini: ZIMA KWANZA.