Jina la saba kwenye mkataba

Tumeshahamia. Mnaofuatilia habari zetu mnajua tulivyohangaika tangu baada ya Ramadhani kutafuta nyumba ya kutosha watu saba upande wa Chukwani, kusini ya mji wa Zanzibar, na mnajua kwamba mwisho tulipata hii ya juu kabisa, ghorofa ya sita, yenye vyumba vinne na roshani pana iliyozunguka pande mbili. Wiki hii hii Baba Salma amethibitishwa kazini, nyumba ya familia ya Miembeni, mjini, imekabidhiwa kwa mnunuzi, na mdogo wangu amekubaliwa posa yake Wete, Pemba. Yote ni ya kushukuru, alhamdulillahi, lakini kila ninapopata nafasi ya kukaa peke yangu, yanayonirudia ni maneno machache aliyoyasema Mama siku ya kutia saini.

Tulikuwa tumesimama sebuleni, nyumba bado tupu, na karatasi za mkataba zimewekwa kwenye kizingiti cha dirisha kwa kuwa meza haikuwapo. Dalali, kijana mwenye adabu aliyemwamkia Mama shikamoo kabla ya kumwamkia mtu mwengine yeyote, alikuwa akijaza idadi ya wakaazi.

"Wakubwa wawili, watoto wanne," alisema. "Na bibi yeye anakuja kutembea tu?"

"Mama anakaa na sisi," nikamjibu pale pale. "Chumba kile cha kwanza chenye choo chake ndani ni chake."

Mama alijitanda vizuri buibui lake, akatabasamu, akamwambia kijana kwa sauti ya upole: "Waandike hao na watoto wao, mwanangu. Mimi mpita njia."

Kijana akaandika sita. Nikamwomba aikate aandike saba, naye akaikata kwa mstari mmoja, akaandika saba juu yake, kisha mwenye nyumba na Baba Salma wakatia saini ndogo pembeni, kama inavyotakiwa pakifanywa marekebisho. Nakala yetu ninayo kwenye droo, na nimeshaifungua zaidi ya mara moja kuitazama ile sita iliyokatwa.

Nimejiuliza Mama alikusudia nini. Inawezekana alisema kama wasemavyo wazee wote, kwamba dunia ni mapito, na kwamba mtu wa umri wake haoni haja ya kuhesabiwa kwenye karatasi za kodi. Ingekuwa hivyo tu nisingekosa usingizi. Ila namjua Mama. Aliingia nyumba ya Miembeni akiwa bi harusi, akatuzaa na kutulea humo, akamuuguza Baba humo mpaka alipofariki, na mwaka huu warithi walipokubaliana iuzwe, yeye alipata thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, kama sheria ya mirathi inavyompa mjane mwenye watoto, akaifunga kwenye kitambaa na hakusema neno. Hakuna aliyemdhulumu, na hesabu ilifanywa mbele ya watu waaminifu. Hata hivyo thumuni ya nyumba haina mlango wala ukumbi, na mtu hawezi kukaa ndani yake. Nahisi ndiyo sababu aliposikia anaulizwa kama anakuja kutembea, alikubali upesi, kwa sababu swali lile lilimkuta tayari ameshajiona hivyo.

Na zaidi ya hayo, Mama hajapata kukaa nyumba ya kupanga maisha yake yote. Kwake yeye nyumba ni ya mtu au ya ukoo, na hii ya kulipiwa miezi sita mbele, pamoja na mwezi mmoja wa dalali na mchango wa kila mwezi wa lifti, ulinzi na usafi wa ngazi, anaiona ni kitu ambacho mwenyewe anaweza kukidai wakati wowote. Nilimsomea kifungu cha mkataba kinachosema lazima tupewe notisi ya miezi mitatu. Nikamweleza pia kwamba kodi, ambayo mwanzo tulitajiwa kwa dola, imeandikwa kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri, mwanangu," na akaendelea kuchambua mchele.

Naamini tulifanya jambo la sawa. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012, na ile ya 2022 ikahesabu 893,169. Mjini hapana tena nafasi ya familia yenye watoto wanne na mzee isipokuwa kwa kubanana, na kila mtu anasogea Fuoni, Tomondo, Chukwani na mpaka Fumba, mahali ambapo nilipokuwa mdogo palikuwa na minazi na mihogo. Huku Salma ana chumba cha kusomea bila ya wadogo zake kumpigia kelele, na Baba Salma anafika kazini mapema kuliko tulipokuwa Miembeni.

Juu ya lifti Mama aliuliza masuali ya maana kuliko sisi sote. Shoga yake wa udogoni anakaa Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na Mama amemwona akipandisha ndoo za maji ngazini kwa miaka mingi. Tena anaukumbuka vyema mwisho wa mwaka 2009, umeme unaotujia Unguja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba ulipokatika, tukakaa gizani kiasi cha miezi mitatu mpaka Machi 2010. Kwa hiyo kabla hatujatia saini alitaka kuonyeshwa jenereta, akauliza kama inaendesha lifti na pampu ya maji au taa tu, na alipoambiwa vyote viwili, alitaka iwashwe aisikie. Iliwashwa. Mtu anayejiona mpita njia hajishughulishi kiasi hicho, nilijiambia. Kisha nikafikiri kwamba huenda aliuliza kwa ajili ya wajukuu.

Hali ilibadilika juzi, baada ya Magharibi. Mama alikuwa hajatoka kwenye roshani tangu tuhamie, akisema kusi la huku juu litamtia kikohozi, lakini jioni ile lilipungua, akatoka na mswala wake, akasali, kisha akabaki amekaa akitazama baharini. Nilimpelekea chai ya tangawizi. Aliponyoosha mkono kusini magharibi, nilidhani ananionyesha jahazi.

"Ule si mnara wa Chumbe?"

Ulikuwa ndio wenyewe, mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe uliojengwa mwaka 1904, ukimulika na kuzima upande wa mbele ya Fumba. Mama ni mzaliwa wa Bweleo, kijiji cha rasi hiyo hiyo ya Fumba, na baba yake alikuwa mvuvi. Alinieleza jambo ambalo sijapata kulisikia kwake: kwamba usiku wa kiza yeye na ndugu zake walikuwa wakikaa pwani wakiitazama taa ile, kwa sababu babu alikuwa akiwaambia kwamba maadamu yeye huko aliko anaiona, basi wao nao wakiiona wajue wako naye. Tangu alipoolewa mjini hakuwahi kuiona tena kutoka nyumbani kwake. Alisema hivyo hivyo, kutoka nyumbani kwake, nami nikanyamaza nisije nikaharibu.

Asubuhi yake alituita mimi na Baba Salma, akatutaka tukigeuze kitanda chake, kwa kuwa tulivyokiweka hawezi kulala ubavu wa kulia akaelekea kibla. Tulikigeuza, hakuridhika, tukakisogeza tena karibu na dirisha la kaskazini mpaka akaridhika. Kisha akaniagiza niende Miembeni kwa jirani nikachukue vyungu vyake vya mrehani alivyoviacha amana, na akanionya nisivibebe kwenye buti la gari vikavunjika. Nimevileta jana, viko roshani kwenye kona isiyopigwa na upepo, naye ameshanikosoa namna ninavyomwagia maji.

Sijathubutu kumuuliza kuhusu lile neno, na sidhani kama nitamuuliza. Vyungu vyake vimo ndani na kitanda chake kimekaa atakavyo, nami nimefurahi kuliko siku tuliyopewa ufunguo.

Nililonalo usiku huu ni la Salma. Kesho anapanda boti ya asubuhi kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, kumsaidia khalati yake mambo ya posa, na kusi limeanza tena kuvuma kwa nguvu, milango ya huku juu inajipiga yenyewe. Nimemfungia ndimu na tangawizi, nimemwambia akae katikati ya boti asikae mbele, na bado sijaamua kama nimwache aende au nimwambie asubiri mpaka Jumatatu.