Swali la Mhandisi

Tangu Jumapili nimekuwa nikiligeuza kichwani swali moja ambalo Mhandisi alimuuliza Baba Mkubwa sebuleni kwangu, na kila nikidhani nimelisahau linanirudia: nikiwa ghalani nahesabu nyaya, nikiwa kwenye daladala ya kwenda Kihonda, hata nikiwa wodini nimempakata mtoto wa mdogo wangu, aliyezaliwa Jumanne kwa upasuaji. Mama na mtoto wanaendelea vizuri, namshukuru Mungu, na habari zao nitaziandika siku nyingine kwa nafasi yake.

Mhandisi mnamkumbuka: ni yule Mvietnam anayesimamia minara yetu ya simu, mzaliwa wa mkoa wa Nghe An, aliyefika Morogoro hajui Kiswahili zaidi ya salamu na ambaye siku hizi hupatana bei na mama wa gengeni bila kuniita. Baba Mkubwa naye hahitaji utambulisho. Mnajua kwamba hakuna filamu anayoipenda kuliko Rambo ya pili, kwamba aliiona kwa mara ya kwanza kwenye banda la video pale Msamvu enzi za kanda, na kwamba hutembea nayo kwenye flashi mfukoni. Tulipomaliza pilau aliichomeka kwenye runinga kabla sijaondoa sahani mezani. Nilimkonyeza ili aweke kitu kingine, lakini alikuwa amekwisha kuketi, na Mhandisi akasema kwa adabu kwamba ni vizuri, tuitazame.

Aliitazama yote. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, wala hakugusa simu. Yule msichana wa Kivietnam, Co Bao, alipopigwa risasi na kufia mikononi mwa Rambo muda mfupi baada ya kumwomba amchukue waende Marekani, Mhandisi alichukua karatasi laini akafuta duara la maji lililoachwa na gilasi yake mezani, akalifuta mpaka meza ikakauka, kisha akaikunja karatasi ile mara mbili na kuiweka kwenye kisahani. Filamu ilipokwisha, Baba Mkubwa alipiga kofi pajani akasema, "Umemwona mwanaume huyo!" Mhandisi akaitikia kwa kichwa. Ndipo alipouliza, kwa sauti ileile anayotumia kuniuliza ghalani zimebaki roli ngapi za waya:

"Mzee, wale waliokufa, nani aliwazika?"

"Wale nani?"

"Wale askari. Wa kambini, wa kijijini, wa kwenye boti."

Baba Mkubwa akacheka kwa moyo wake wote. "Kijana wangu, hao wakishamaliza kufa wanaoga ile rangi, wanakwenda kula!"

"Sawa, Mzee," akasema Mhandisi, naye akacheka, akaniomba niongeze kachumbari.

Hayo tu. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyeinua sauti, na tuliagana vizuri getini kwa shikamoo na marahaba. Lakini tangu hapo nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, na nimegundua kwamba kinachonichoma si lile swali lenyewe wala kicheko. Ni lile "Wale nani?" Baba Mkubwa hakuuliza kwa kejeli. Mtu anayeijua filamu hiyo picha kwa picha, anayeweza kukwambia mshale upi unalipuka lini, alihitaji kweli kuelezwa ni wafu gani waliokuwa wakizungumziwa, kwa sababu katika miaka yote ya kuitazama hakuwahi kuwaona.

Nadhani filamu imetengenezwa ili tusiwaone. Hii ni Rambo: First Blood Part II ya mwaka 1985, iliyoongozwa na George P. Cosmatos, na mswada wake kuandikwa na Sylvester Stallone pamoja na James Cameron. John Rambo, komando wa zamani wa Marekani, anatolewa gerezani anakopasua mawe na kupewa kazi ya kurudi Vietnam kupiga picha za kambi inayodhaniwa kuwa na wafungwa wa vita wa Kimarekani. Jambo analotaka kujua kwa Kanali Trautman, mkuu wake wa zamani jeshini, ni iwapo safari hii wataruhusiwa kushinda. Anawakuta wafungwa, ofisa aliyemtuma anaamuru helikopta imwache porini, anakamatwa, anateswa kwa umeme na Mrusi, anatoroka, na kuanzia hapo wanaume wa Kivietnam wanaanguka mmoja baada ya mwingine, wengi wao bila jina na bila neno hata moja la kusema. Hata msitu si wao, maana filamu ilipigwa Mexico, pande za Acapulco.

Ninamtetea Rambo wa kwanza, yule wa 1982, na nitaendelea kumtetea. Yule ni askari aliyerudi kutoka vitani akiwa ameharibika ndani, anayefukuzwa na polisi wa mji mdogo wa nchi yake mwenyewe, na katika filamu nzima anakufa mtu mmoja tu. Mwishoni analia mbele ya Trautman akimkumbuka rafiki yake aliyelipukiwa na bomu Saigon. Kila nikiitazama sehemu ile nalia naye. Sehemu ya pili ilimchukua mtu huyohuyo aliyekuwa ushahidi wa ubaya wa vita ikamrudisha akaishinde vita ileile, na watazamaji wakaipenda kiasi kwamba mapato yake duniani yalifika karibu dola milioni 300. Mwaka huohuo wa 1985, mateka wa ndege ya Marekani waliokuwa wameshikiliwa Beirut walipoachiliwa, Rais Reagan alisema kwamba baada ya kuitazama Rambo usiku uliopita sasa anajua la kufanya jambo kama hilo likitokea tena. Alikuwa akitania kabla ya kuhutubia, lakini maneno ya rais wa nchi yenye silaha zile siyachukulii kwa wepesi.

Sitaki mtu adhani kwamba nawadharau akina mama wa Kimarekani waliowasubiri watoto wao, kwani filamu ile ilijengwa juu ya maumivu ya kweli. Baada ya makubaliano ya Paris ya Januari 1973, yaliyoiondoa Marekani katika vita vya Vietnam, wafungwa 591 walirudishwa Marekani, na wengine zaidi ya 2,000 hawakujulikana walipo au miili yao haikurudi. Familia nyingi ziliamini kwamba baadhi yao bado wako hai, wamefichwa msituni na kusahauliwa na serikali yao. Mwaka 1982 komando wa zamani wa kweli, Bo Gritz, aliongoza watu kutoka Thailand kuingia Laos kuwatafuta, na akatoka bila mfungwa hata mmoja. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na John Kerry, ambayo ndani yake alikuwemo John McCain aliyefungwa zaidi ya miaka 5 huko Vietnam, ilitoa ripoti yake mwaka 1993 ikasema hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kuna Mmarekani yeyote ambaye bado yuko hai kifungoni. Kwa hiyo watu ambao Rambo aliwaokoa kwa ajili ya mamilioni ya watazamaji hawakupatikana popote nje ya ukumbi wa sinema.

Upande wa pili ndio ambao hakuna mtu aliyenisimulia nilipokuwa nakua. Serikali ya Vietnam kwa miaka mingi imekuwa ikitaja askari wake wapatao 200,000 ambao mabaki yao hayajapatikana, na wengine wapatao 300,000 waliozikwa bila kujulikana majina. Vietnam ileile imekuwa ikishirikiana na Wamarekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kuchimba mashamba na vilima vyake kutafuta mifupa ya marubani waliokuja kuidondoshea mabomu. Nililifikiria jambo hilo usiku mzima. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu nyingi nilikuwa nimemwekea Baba Mkubwa.

Alhamisi Mhandisi alikuja ghalani kusaini vifaa vya mnara mpya. Kulikuwa kimya, nikaona bora niseme. Nilimwambia kwamba nilisikitika kwa filamu ya Jumapili, na kwamba Mzee hakuwa na nia mbaya. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Dada, ile filamu naijua. Tuliiangalia tukiwa wanafunzi Hanoi, kwenye diski ya magendo. Tulicheka sana. Mtu mmoja, jeshi zima!"

"Basi kwa nini uliuliza vile?"

"Baba yangu huuliza. Akiona filamu ya vita, ya nchi yoyote, ikiisha huuliza nani aliwazika. Nami nimezoea."

Kisha akaniletea simu niitazame. Kwenye picha palikuwa na madhabahu ya nyumbani kwao: bakuli la mchanga lenye vijiti vya ubani, machungwa, kikombe kidogo cha pombe ya mchele, na juu yake picha ya kijana mwenye kola iliyofungwa mpaka shingoni. Huyo ndiye baba yake mkubwa, aliyekwenda kusini mwaka 1972 na hakurudi. Barua ya jeshi ilisema tu kwamba alianguka katika uwanja wa vita wa kusini, bila kutaja mahali. Nilipoikuza picha niliona kwamba ni mchoro, mistari ya penseli inaonekana karibu na sikio. Kijana yule hakuwahi kupigwa picha maishani mwake, kwa hiyo familia ilimwita mchoraji akamchora akimtazama mdogo wake, yaani baba wa Mhandisi, aliyekaa kwenye kiti kwa niaba ya kaka yake.

Akanieleza pia kwamba alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa akimchukua wakasafiri hadi Quang Tri, kwenye makaburi ya taifa ya Truong Son, mahali palipozikwa zaidi ya watu 10,000. Kazi yake ilikuwa kubeba pakiti za ubani. Baba yake alipita kati ya safu akisoma majina kwa sauti, na kila alipofika kwenye kaburi lisilo na jina alisimama, akawasha kijiti kimoja, akainama, akaendelea na lingine, kwa kuwa huenda lolote kati yake ndilo la ndugu yake. Mhandisi aliyasema hayo huku akiangalia kama nimejaza safu zote za hati ya kutolea vifaa. Kisha akasaini na kuniambia kwamba waya wa shaba umepungua.

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata, maana habari yenyewe ni ya huzuni. Siku zote hizo nilidhani kwamba mgeni wangu alidhalilishwa mezani kwangu, kumbe alikuwa amemletea Baba Mkubwa swali la nyumbani kwao, swali ambalo mtu hamuulizi mtu asiyemheshimu.

Nilimpigia Baba Mkubwa jioni ileile nikamsimulia yote. Mnafahamu kwamba alikuwa katika vita vya 1978 na 1979, kwamba alivuka Kagera akaingia Uganda na jeshi letu, na kwamba habari za huko hazisemi. Sisi watoto tulikatazwa kuuliza. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kwamba kuna mwenzake aliyelala naye handaki moja, na kwamba alipokwenda Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa, alitafuta jina lake. Hakuniambia kama alilipata. Akaniuliza, "Huyo baba yake mkubwa anaitwa nani?"

Nikasema sikumuuliza.

"Kamuulize. Akuandikie."

Ijumaa Mhandisi aliliandika nyuma ya hati iliyoharibika, kwa herufi kubwa, akaweka alama zote juu na chini ya irabu, na mimi nikampelekea Baba Mkubwa. Hawezi kulitamka, na alipojaribu mbele yangu alilikosea kila mara, lakini alilibandika kwenye kalenda ya ukutani, ukurasa wa Julai. Siku ya Mashujaa kwetu ni Julai 25. Mhandisi ameniambia kwamba kwao siku ya kuwakumbuka majeruhi na waliofia vitani ni Julai 27. Baba Mkubwa amekwisha kuamua kwamba tarehe 26 tutakula kwake, pilau atapika mwenyewe, na flashi haitahusika.

Ningependa kuishia na jambo hilo moyoni, lakini nilipopita kwa Mama jana nimekuta kopo la dawa za presha limejaa vilevile kama nilivyoliacha mwanzoni mwa mwezi. Anasema anajisikia mzima, hivyo haoni sababu ya kuzimeza. Kichwa kinamuuma asubuhi na anakiita uchovu wa kumuuguza mdogo wangu. Kesho nitaamka mapema nimpeleke akapimwe, na kama mtu yeyote kati yenu anajua namna ya kumshawishi mzazi ambaye hakubali kwamba anaumwa, naomba aniambie.