Jioni ya "heavy wind"

Ripoti ilikuwa ya kurasa mbili, na aliyeisaka kasoro ya sarufi angetoka mikono mitupu. Nyakati za vitenzi zilikaa sawa, umoja na wingi havikugombana. Lakini tangu aya ya kwanza, Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi. Kijana aliyeiandika, mwanafunzi wa kutafsiri, alikaa pembeni akisubiri.

Nilizungushia duara sehemu tisa kwa penseli. Miongoni mwake: "big rain", "drink the medicine", "got an accident", "open the radio", "made a research".

"Mwalimu, kwani mvua si kubwa?"

Kubwa, ndiyo, kwa Kiswahili. Sisi tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga simu na tunapiga mswaki, wala hakuna anayeumia. Hiyo "piga" haichagui mwenzake. Nomino ndiyo inayoichagua. J. R. Firth, mwanaisimu wa Uingereza, aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linayoandamana nayo, na jioni ile kila duara lilimpa haki.

Kwa hiyo tulifungua kamusi kwenye nomino, si kwenye kitenzi. Hapo ndipo wengi hupotea: wanatafuta "fanya", wanakuta "do" na "make", kisha wanabahatisha. Ukitafuta "research" unakuta "do", "carry out" na "conduct". Tena nomino hiyo haihesabiki, kwa hiyo ile "a" nayo ikaondoka. "Accident" inataka "have". "Medicine" inataka "take", iwe vidonge au dawa ya maji. Redio "you turn on". Katika daftari aliandika kifungu kizima, "have an accident", badala ya "have = kupata", maana akiandika hivyo kesho atakuja na "have money from the bank" akikusudia kwamba alizipata huko.

Akaandika upya ukurasa wa kwanza. "Heavy rain" ikakaa mahali pake. Mstari uliofuata: "heavy wind". Chini kidogo: "heavy sun".

Alikuwa amekichukua kivumishi akakigeuza kanuni. "Heavy" huandamana na "rain", "snow", "traffic", "losses", hata "smoker". Upepo huchukua "strong", na jua kali huwa "hot" au "blazing". Unaweza kubuni sababu, kwamba mvua ina uzito na upepo una nguvu, lakini chai itakuumbua: chai iliyokolea ni "strong", injini ni "powerful", na ukiyabadilisha nafasi maneno hayo Mwingereza atakuelewa huku amekunja uso. Mimi siamini katika kutafuta mantiki hapa. Maneno hayo yamezoeana, basi.

Duara moja lilikuwa gumu kuliko mengine: "The news caused happiness". Sarufi haina neno, maana iko wazi. Tatizo ni kwamba "cause" kwa kawaida hutembea na mabaya: "damage", "delay", "pain", "problems". Msomaji akiiona anajiandaa kwa balaa, kisha anakabidhiwa furaha. Tukaweka "brought". Kamusi ndogo ya lugha mbili isingemwonya, kwa kuwa ingempa "sababisha" na kunyamaza. Ndiyo maana kamusi yenye mifano ya sentensi ina faida kuliko yenye maneno mengi.

La tisa lilikuwa "took a decision". Nilikuwa nimelikata kwa haraka na kuandika "made" juu yake.

"Na hili, Mwalimu, tuangalie kwenye nomino?"

Tukaangalia "decision". Zote mbili zilikuwepo: "make" ndiyo ya kawaida kila mahali, na "take" husikika Uingereza, hasa kwa uamuzi rasmi. Ripoti yake ilihusu uamuzi wa kamati. Nikachukua ufutio nikafuta duara, likabaki doa la kijivu.

"Nane, basi," akasema, akirekebisha hesabu pembeni mwa karatasi.