Kinyozi wa Kondele

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Israel. Si ile ya kwenye ramani. Nasema kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, makao yake Jebrok, kule kwa Watiriki. Aliyekulia magharibi mwa Kenya anawajua hata kwa mbali: kanzu nyeupe, vilemba vyeupe, bendera mbele, ngoma, na barabara nzima imejaa wimbo. Huwa hawaendi kanisani kimyakimya. Wakifika, mwenye dhambi husimama akaitaja mbele ya wote. Sehemu hiyo Nyanya aliipenda mno. Akikosa dhambi ya maana, alitubu kwamba amemtukana kuku.

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili, nakaa kwa mjomba mtaani Manyatta, Kisumu. Jumapili moja nilisimama na wenzangu wawili wa shule pale Kondele, kwenye barabara ya Kakamega, miaka mingi kabla ya lile daraja la juu kujengwa. Tulikuwa tumevaa mashati ya mitumba kutoka Kibuye, kola zimesimama, tukijiona watu wa maana. Mara tukasikia ngoma.

"Waisraeli hao!" mwenzangu mmoja akasema, akaanza kuiga mwendo wao. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, hilo nalikumbuka vizuri.

Kisha nikaiona miguu kabla ya uso. Miguu mitupu, viatu vya plastiki vimeshikwa mkononi. Nyanya hakuiamini lami. Alisema inakula soli. Hakuwa ameniambia kwamba kanisa lao linakuja mjini siku hiyo, na ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo.

Nyuma yetu palikuwa na kibanda cha kinyozi. Nilirudi kinyumenyume mpaka ndani, nikakalia kiti, nikajifunika kile kitambaa chao hadi kidevuni. Kinyozi akauliza nataka mtindo gani. Nikamwambia angoje kwanza. Kwenye kioo chake niliona bendera ikipita, vilemba vikipita, halafu Nyanya akigeuza shingo kidogo upande wetu, bila kuacha kuimba.

Jioni akabisha hodi kwa mjomba, na kikapu cha ndizi na njugu, na kuku aliyefungwa miguu. Akanisalimu. Akanitazama kichwani, nywele zikiwa msitu uleule wa asubuhi.

"Mume wangu," akasema, "huyo kinyozi wa Kondele hana makasi?"

Mjomba hakuelewa. Mimi nilijitia kushughulika na kuku.

Usiku aliomba kwa sauti kama kawaida yake. Alikuwa na mpangilio: watoto wake saba, halafu wajukuu, mkubwa hadi mdogo, kila mmoja kwa jina, hata wale waliokufa wachanga. Mimi nilikuwa wa tisa. Nililala sebuleni chini ya blanketi, nahesabu. Wa saba. Wa nane. Hapo akanyamaza, nadhani ni kikohozi. Kisha akanitaja kwa sauti ileile aliyowatajia wenzangu, akaendelea na wa kumi. Heri angenichapa.

Asubuhi alifungua pindo la leso akanipa shilingi ishirini. "Nenda ukanyolewe." Hatukulizungumza tena, si yeye, si mimi.

Alifariki mwaka 2009. Watu wa kanisa lake walikuja kwa ngoma kutoka barabarani mpaka bomani, nami nikaandamana nao, viatu mkononi. Watu walinisifu. Lakini kutembea na umati siku ya msiba wako mwenyewe si ujasiri, nani atakucheka?

Usiku ule, wageni wakiwa wamepungua, mjomba alisema tuombe kama alivyokuwa akiomba mama. Akaanza na wale saba vizuri. Kwenye wajukuu akakwama. Ukazuka ubishi nani alimtangulia nani, binamu zangu wawili wakadai nafasi moja, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nyumba ikacheka. Mwishowe tukafika kwa kitindamimba.

"Mmemsahau mmoja," akasema mama mdogo. Yeye ndiye aliyelala chumba kimoja na Nyanya miaka yake ya mwisho. "Kila usiku, akishamaliza wajukuu, alikuwa anamwombea kinyozi wa Kondele."

"Kinyozi gani?"

"Hata mimi sijui. Nilimuuliza, akacheka tu."

Wakabahatisha. Mmoja akasema labda ni deni. Mwingine akasema mama hakuwahi kunyolewa Kondele maishani mwake. Mimi nilikuwa napiga hesabu: miaka kumi na miwili.

Ngoma ilikuwa imeachwa imeegemezwa kando ya mlango. Nikasimama katikati ya sebule, wanavyosimama watu wa Israel, nikaanza na yale mashati ya Kibuye.