Zimwi la jikoni kwangu
Hapa Pasua, Moshi, umeme ulikatika jioni moja, watoto wakanibana niwape hadithi. Nikawapa ile ya zimwi na binti aliyesahau simbi lake, kombe la baharini, ufukweni. Mimi ni wa Tanga, hiyo nimekua nayo. Mama mkwe wangu wa Marangu anasema jitu hilo kwao ni irimu, tabia zilezile. Binti karudi peke yake, zimwi likamtia ndani ya ngoma. Kila kijiji linapiga ngoma, binti anaimba, watu wanacheza na kulilisha wali na kuku. Binti hapewi hata ukoko.

Zamani mazimwi nilikuwa nayatumia kutisha: usipolala litakuja. Kitinda mimba akakojoa kitandani wiki nzima, nikakoma. Safari hii nikakatisha katikati, nikauliza: "Hao wachezaji, hakuna aliyejiuliza nani anaimba?"

Mkubwa akasema wanajua, ila ngoma tamu. Mdogo akanyamaza, halafu: "Mama, dada naye huwa anaimba akiosha vyombo."

Dada yetu wa kazi alikuwa mlangoni anachambua mchele kwa tochi ya simu yangu. Yangu, maana ya kwake nilimnyang'anya miezi miwili nyuma, eti anaongea mno.

Baba watoto akakohoa, akaanza habari za mpira. Nikamkatiza. Nikamwuliza dada mwenyewe: "Zimwi la humu linakula nini?" Akacheka, akaficha mdomo kwa khanga. "Usingizi, mama."

Anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala sisi tukishalala. Jumapili tunakwenda kanisani, yeye anabaki na sufuria. Nami ni karani, nikizidishiwa nusu saa ofisini nanuna! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 naijua: saa 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 24. Jikoni kwangu sikuwahi kuzihesabu.

Simu ilirudi usiku uleule. Mshahara, niliokuwa namtumia shangazi yake, sasa unaingia kwake. Jumapili ni yake. Vyombo wanaosha watoto, na wananung'unika kwelikweli.

Hadithi aliimalizia yeye, wiki iliyofuata. Wazazi waliitambua sauti, wakamtoa binti zimwi likiwa limelala, na kwao Singida, anasema, ngoma wakaijaza nyuki. Mdogo akataka kujua nyuki wangapi.

"Wa kutosha," akajibu, akinitazama mimi.