PLL inayoendeshwa kwa programu: nafasi 20 za amri, na zote zimejaa

Leo PLL yangu imenasa 145.500 MHz na imekaa hapo hapo tangu asubuhi bila kuteleza. Naandika kabla sijasahau nilikopita.

Kwa asiyeijua kazi hii: PLL ni kitanzi kinacholinganisha awamu ya osileta (saketi inayozalisha wimbi), yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake, na awamu ya saa tulivu iitwayo rejea, kisha kinaisukuma osileta mpaka ziende sambamba. Wazo ni la zamani, Mfaransa Henri de Bellescize aliliandika mwaka 1932. Kwa miaka mingi kitanzi kilimaanisha resista na kapasita, na ukitaka kubadili tabia yake unashika chuma cha kulehemu. Mwaka 2004 wahandisi wa Texas Instruments walionyesha redio ya Bluetooth ambayo kitanzi chake kilifanya kazi kwa namba tupu. Mimi nilitaka namba hizo zipigwe na programu, kwenye prosesa ndogo niliyoijenga mwenyewe ndani ya FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe).

Osileta yangu ni ya dayodi ya varakta (dayodi ambayo volteji hubadili ukapasita wake), masafa yake yanacheza kwenye upana wa MHz 10, na inasukumwa na DAC (saketi inayogeuza namba kuwa volteji) ya biti 14. Wapo watakaosema penye DAC hapana udijitali kamili. Sina ugomvi nao. Antena sijaunganisha, mawimbi yote yanaishia kwenye mzigo wa omu 50.

Wiki ya kwanza na ya pili

Nilianza kwa kiburi. Saa ya rejea ilikuwa 10 MHz na prosesa ilikwenda 100 MHz, kwa hiyo kati ya mpigo mmoja wa rejea na mwingine kuna nafasi ya amri 10. Nikaandika programu: soma kaunta, soma TDC (kipima vipande vidogo vya muda), zidisha, toa, chuja, limbikiza, peleka kwenye DAC. Nikahesabu amri. Kumi na saba!

Nilipunguza hapa na pale, sikufika popote. Mwishowe niligawa rejea kwa mbili, ikawa 5 MHz, nami nikapata nafasi 20. Gharama yake ni kelele ya TDC kupanda desibeli 3, nikakubali. (Hiyo 100 MHz, kwa kweli, inazalishwa na PLL nyingine iliyowekwa kiwandani ndani ya FPGA. Nilicheka peke yangu.)

Wiki ya tatu mpaka ya sita

Hapa ndipo nilipoteseka. Kitanzi kilinasa, kikatulia sekunde kadhaa, kisha awamu ikaruka ghafla na kurudi. Nilishuku umeme wa kulisha osileta, nikabadilisha kapasita, nikafunika kila kitu kwa bati. Wapi!

Nilipoamua kuhifadhi namba zenyewe badala ya kukodolea macho oskiloskopu, jibu likajitokeza: kila mruko ulikuwa wa wimbi moja kamili, wala si nusu wala moja na robo. Kaunta inahesabu mawimbi mazima, ambayo kwa 145 MHz ni 29 kwa kila mpigo wa rejea. TDC, ambayo mimi naiita rula, inapima kipande kilichobaki. Ukingo wa rejea ukiangukia karibu sana na ukingo wa wimbi, kaunta inasema wimbi limeshapita na rula inasema bado. Zikitofautiana hivyo, kosa ni wimbi zima.

Nilijaribu kutibu kwa programu, maana ndiyo sababu ya mradi wote: mruko wowote unaozidi nusu wimbi utupwe. Ilipendeza mpaka nilipobadili chaneli. Wakati wa kuhama makosa makubwa ni ya kweli, na programu ilikuwa inayatupa pia, hivyo kitanzi hakikunasa tena. Dawa ilikuwa ya saketi. Rejea sasa inasomwa kwenye ukingo wa kupanda na wa kushuka wa wimbi, na rula inachagua upande ulio mbali na hatari. Mistari michache tu, baada ya karibu mwezi mzima.

Wiki ya saba

Hatua moja ya DAC yangu ni takriban Hz 610, kubwa mno. Kitanzi kilikuwa kinaruka kati ya hatua mbili na kuchora vilele viwili pembeni mwa wimbi kuu. Nikaongeza sigma-delta ya biti 5, saketi inayotikisa biti ya mwisho kwa 100 MHz ili wastani uangukie katikati ya hatua, na kwa wastani hatua ikashuka hadi Hz 19. Vilele vikazama. Hii ilichukua jioni moja.

Kubadili gia kulinipa raha zaidi. Naanza na kizidishi cha kosa la awamu cha 1/16, upana wa kitanzi ni karibu kHz 50 na kinanasa haraka. Kisha nashuka hadi 1/128, upana unakuwa kHz 6.2 na kelele inapungua. Mara ya kwanza masafa yaliruka wakati wa kushuka, kwa sababu kosa la awamu lililobaki lilizidishwa ghafla kwa namba ndogo. Amri tatu zilitosha: hifadhi thamani ya mwisho iliyokwenda kwenye DAC, anza kuhesabu kosa upya kutoka sifuri, jumlisha ile thamani iliyohifadhiwa. Kumi na saba na tatu, ishirini. Nafasi zimejaa.

Leo

Vipande vya rula havilingani. Kwa wastani ni pikosekunde 40, lakini vingine ni vipana mara mbili. Kwa vipande vinavyolingana, hesabu inatabiri kelele ya karibu −107 dBc/Hz (desibeli kulinganisha na wimbi kuu, kwa kila Hz moja) ndani ya upana wa kitanzi, na mimi nilikuwa napata −95. Nikailisha rula saa isiyohusiana na rejea, nikahesabu kila kipande kimeguswa mara ngapi, nikatengeneza jedwali la marekebisho. Kusoma jedwali ni amri ya 21, ambayo sina pa kuiweka. Basi jedwali linabeba thamani zilizokwisha kuzidishwa, na amri ya kuzidisha nikaifuta. Kila nikibadili chaneli, kidhibiti kidogo cha pembeni huliandika upya.

Sasa napata −101. Kwenye 145.500 spektra ni safi, ila 145.010 bado inanisumbua: kuna kilele kHz 10 kutoka wimbi kuu, karibu mno na upana wa kitanzi kuweza kuchujwa. Kabla ya jedwali kilikuwa desibeli 48 chini ya wimbi kuu, leo ni 61. Nitajaribu kuutikisa kidogo ukingo wa rejea wenyewe, na hilo litafanywa nje ya prosesa.